Kukuza mwani kwa maji taka ya samaki: mwongozo kamili kutoka ufukwe wa Mwanza

Siku ambayo upepo umelala, panda kwenye mawe ya Capri Point uangalie chini. Kwenye vighuba vya karibu na mji utaona maji yamejitandika utando wa kijani kibichi, kama fundi rangi kamwaga debe lake. Utando ule kwa jumla tunauita mwani mdogo, viumbe ambavyo kimoja kimoja huwezi kukiona kwa jicho, na unashiba nitrojeni na fosforasi tunayoipeleka ziwani wenyewe: vinyesi, sabuni, mbolea iliyosombwa na mvua, maji ya kusafishia samaki.

Mimi nina matanki mawili ya vifaranga vya sato, hapa Luchelele, Mwanza. Zamani maji niliyoyabadilisha nilikuwa nayaachia tu yaende, mpaka jirani akanijia asubuhi moja kuniuliza kwa nini shamba lake la matembele linanuka. Alikuwa na haki. Maji yale yalikuwa yamebeba mavi ya samaki na mabaki ya chakula, na huo ndio mlo ambao mwani unautafuta. Nikaanza kuulisha kwa makusudi, kwenye bwawa langu, kabla maji hayajatoka uani.

Nikuambie mapema nilichochelewa kukijua: kuotesha mwani ni rahisi, kuuvuna ndiko kunakokula nguvu na pesa. Lita elfu moja za maji yaliyokolea kijani huwa na gramu 200 mpaka 500 tu za mwani mkavu. Yanayobaki ni maji. Kwa hiyo kabla hujachimba, jua utavunaje.

Maji yako yametoka wapi?

Swali hili linaamua kila kitu kitakachofuata, kwa sababu mwani hauchagui. Unafyonza chakula, na unafyonza sumu vilevile.

Maji ya matanki ya samaki ndiyo bora kwa anayeanza. Hayana mafuta, hayana rangi nzito, na unajua ulichomlisha samaki wako. Yanayofuata ni tope la biogesi kutoka kwa wafugaji wa ng'ombe. Hilo lina nguvu sana: amonia yake ikiingia bila kuzimuliwa inaua mwani wenyewe. Liache litulie siku mbili kwenye pipa, chuja maji ya juu kwa kitambaa, kisha changanya dumu moja la maji hayo na madumu 40 mpaka 50 ya maji ya kawaida. Likibaki na rangi ya chai ya rangi, zimua tena, maana mwanga hautapita.

Maji ya machinjio na ya kuoshea sangara yana chakula kingi, lakini pia yana mafuta na damu. Hayo yanahitaji kwanza shimo la kunasa mafuta na siku kadhaa za kuoza, na harufu yake majirani hawatakusamehe. Anza na kidogo.

Maji ya vyoo yaache kwa wenye mabwawa yao. Kwa mfano, mabwawa ya majitaka ya Butuja, Ilemela, yanafanya kazi hii hii ya jua, mwani na bakteria, ila kwa eneo na uangalizi ambao wewe huna. Nyumbani utajiletea minyoo na kuhara. Na maji yoyote yaliyopita kwenye machimbo madogo ya dhahabu, au kiwanda cha ngozi, usiyaguse kabisa. Zebaki na kromu haziozi. Mwani utazikusanya, na ukimlisha samaki umejipelekea mezani.

Kama unazimua kwa maji ya ziwa, yaache yatulie kwenye tanki saa 48 bila konokono ndani. Vijidudu vya kichocho vikikosa mtu wa kumwingia havimalizi muda huo. Kila mtoto wa kando ya ziwa anajua habari ya kichocho, lakini wakubwa tukishaanza mradi tunajisahau tunaingia bwawani peku.

Bwawa lenyewe

Kwa kujifunzia, mita tano kwa mbili zinatosha. Maji yawe na kina cha sentimita 25, basi. Hapo una lita 2,500. Usishawishike kuchimba zaidi. Mwani ukishakolea, mwanga hauvuki sentimita chache za juu, na kina cha nusu mita kinakupa giza la bure huku chini.

Umbo ni la uwanja wa riadha: duara refu lenye ukuta mwembamba katikati, maji yazunguke bila kukutana na kona. Mfano huu una miaka mingi. William Oswald na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliukuza tangu miaka ya 1950 kwa ajili ya kusafisha majitaka, na mpaka leo hakuna aliyepata wa bei rahisi kuushinda. Mwanza hatuna shida ya mawe, na mahali pengine kuchimba ni kupoteza muda tu, unakutana na mwamba baada ya jembe la pili. Basi jenga kwenda juu. Panga mawe au viroba vya mchanga hadi sentimita 40, tandika karatasi nzito ya plastiki ile ya mabwawa ya samaki, na ukuta wa kati uwe wa viroba vilivyofunikwa kwa karatasi hiyo hiyo. Toboa mahali pa bomba la kumwagikia kwenye kimo cha sentimita 30, la sivyo mvua moja ya Aprili itakubebea mwani wote hadi barabarani.

Mahali pawe peupe, mbali na mwembe. Na pawe mbali na ziwa pia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ukikua kiasi cha kutaka kutiririsha maji yaliyosafishwa kwenye mfereji au mto, kwanza pita Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria uulizie kibali. Kwa bwawa la mita kumi za mraba, yapeleke maji hayo bustanini mwako yaishie huko.

Maji lazima yatembee. Yakisimama, mwani unazama, wa chini unaoza, na mbu wanapata nyumba. Mwendo unaofaa ni sentimita 15 mpaka 30 kwa sekunde, na huhitaji kifaa kuupima. Angusha jani juu ya maji, hesabu sekunde kumi. Likiwa limekwenda mita mbili, uko pazuri.

Cha kuyasukuma? Miezi miwili ya mwanzo nilitumia fagio la chelewa, mara sita kwa siku, na mwani ulikua. Baadaye fundi wa kuchomelea alinitengenezea gurudumu la makasia: mhimili wa bomba la chuma, makasia sita ya madumu yaliyokatwa, mota ya waipa ya gari, na cheni ya baiskeli yenye gia ndogo upande wa mota na kubwa upande wa gurudumu ili lizunguke taratibu, mara kumi hadi kumi na tano kwa dakika. Linatumia sola mchana kutwa. Usiku linalala, na fagio linaamka kidogo alfajiri.

Mbegu

Hapa ndipo watu wanapokosea kwa kurahisisha. Wanachota ule utando wa kijani ufukweni na kuumwaga bwawani. Utando wa ziwani mara nyingi ni Microcystis, bakteria wa kijani-buluu ambao baadhi yao hutoa sumu ya ini, na kuchemsha hakuiondoi. Unachotaka ni mwani wa kijani halisi, kama Chlorella na Scenedesmus, ambao umezoea maji machafu.

Chota maji ya kijani kutoka bwawa la samaki lililo hai, siyo ziwani. Yajaze kwenye chupa inayoonyesha, iweke kivulini usiku kucha bila kuitikisa, na asubuhi itazame kabla hujaigusa. Kijani kikiwa kimepanda juu na kutengeneza pete shingoni mwa chupa, mwaga mbali: wale bakteria wana vifuko vya hewa vinavyowaelesha. Kijani kikiwa kimetua chini kama vumbi, au kimesambaa sawasawa, endelea. Hili ni jaribio la uani, halikupi uhakika. Ukiweza kupata mtu mwenye hadubini akuangalizie tone moja, mpelekee. Mwanza kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, na kuna vyuo vyenye maabara za baiolojia. Kuuliza si dhambi.

Mbegu ikishapita, ikuze kwa kupanda ngazi. Chuja maji ya tanki la samaki kwa kitambaa, yachemshe, yapoe. Jaza chupa kumi za maji ya kunywa za lita moja na nusu, kila moja kikombe kimoja cha mbegu, ziba kwa pamba, ziweke dirishani pasipo jua kali la mchana. Zitikise asubuhi, mchana na jioni. Baada ya siku tano mpaka saba zitakuwa za kijani cha majani ya mgomba. Hizo zinaingia kwenye mapipa mawili ya lita 100, na baada ya wiki nyingine mapipa yanaingia bwawani. Bwawa usilijaze siku hiyo: anza na kina cha sentimita kumi, ongeza maji taka kidogo kidogo kwa siku sita, saba. Siku tatu za mwanzo lifunike nusu kwa neti ya kivuli, maana mwani mchache kwenye jua letu unaungua kama mche uliohamishwa saa sita mchana.

Maisha ya kila siku bwawani

Kazi haizidi nusu saa, ila lazima iwe kila siku. Mwanza tuko karibu na mstari wa ikweta, mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, na joto ni la wastani. Wenzetu wa nchi za baridi wanalipia umeme kupata tunachokipata bure.

Asubuhi, jua likishapanda, ingiza maji taka mapya, lita 400 mpaka 500, badala ya uliyotoa jana jioni ulipovuna. Hivyo kila tone linakaa bwawani siku tano au sita. Usiingize jioni. Usiku mwani hautengenezi oksijeni, unaivuta, na uchafu mpya ukikuta giza unaanza kuoza.

Mchana, chukua sahani nyeupe ya bati, ifunge kwenye fimbo uliyoiwekea alama za sentimita, izamishe polepole. Ikipotea machoni kati ya sentimita 10 na 15, mwani umekomaa kwa kuvunwa. Ikionekana mpaka sakafuni, subiri, na upunguze maji unayotoa. Ikipotea kabla ya sita, umechelewa. Mwani unajitia kivuli wenyewe na hauongezeki tena.

Pima pH, yaani kipimo cha asidi au magadi ya maji, kwa karatasi za rangi. Mchana mwani unapofyonza hewa ukaa, pH inapanda hadi 9 au 10, na hiyo ni dalili ya afya. Ikivuka 10, hewa ukaa imekwisha na amonia iliyobaki inageuka kuwa kali. Dawa ni maji taka zaidi kidogo: bakteria wanaoyaozesha ndio wanaopumua ile hewa ukaa ambayo mwani unaililia. Ndiyo sababu bwawa safi kupita kiasi halikui.

Na unuse. Bwawa lenye afya lina harufu ya majani mabichi, kama mchicha uliooshwa. Likinuka yai bovu, kuna tope chini lisilotembea. Pitisha fagio, punguza mlo siku mbili.

Walaji

Jumatatu moja bwawa langu lilikuwa la kijani mpaka nikampigia picha mwanangu aliye Dodoma. Jumatano maji yalikuwa kama ya kunywa. Nilidhani mtu kamwaga dawa. Nilipochota kwenye glasi nikaona vidoti vyeupe vinarukaruka, kama viroboto. Na ndivyo watu wanavyowaita, viroboto maji, Daphnia. Wanachuja mwani usiku na mchana na wanazaana bila kusubiri dume.

Ukiwaona wachache, wazoe siku hiyo hiyo. Chandarua kina matundu makubwa mno. Tumia kitambaa cha kuchujia tui, kipitishe mbele ya mkondo asubuhi na jioni kwa siku tatu. Usiwatupe, vifaranga vya sato wanawagombania. Wakiwa wamekushinda, toa maji yote, osha karatasi, iache ikauke juani siku mbili, anza tena na mbegu. Hii ndiyo sababu chupa tatu za mbegu lazima zibaki dirishani siku zote, hata mambo yakiwa mazuri. Mimi sikuwa nazo, nikarudi nyuma wiki tatu.

Kuna walaji wadogo zaidi wasioonekana bila hadubini. Dalili yao ni maji kubadilika kutoka kijani kwenda ukahawia bila mvua wala mawingu. Tiba ni ile ile ya kuanza upya.

Kuvuna

Vuna jioni, kama saa kumi hivi. Mwani umeshiba jua la siku nzima. Ukingoja asubuhi utakuta usiku umekula sehemu ya akiba yake.

Mwani mmoja una upana wa sehemu tano mpaka kumi tu kati ya elfu moja za milimita. Khanga haiushiki, kitambaa cha marekani hakiushiki. Inabidi kwanza ushikane wenyewe kwa wenyewe uwe mabonge, na hapo ndipo shabu inaingia, ile ile ambayo bibi zetu walisafishia maji ya kunywa. Kiasi kinategemea maji yako, kwa hiyo jaribu kwanza. Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye lita moja ya maji. Panga chupa tano, kila moja lita moja ya maji ya bwawa. Kwa bomba la sindano weka mililita 5 kwenye ya kwanza, 10 ya pili, 15, 20, na 25 ya tano. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha taratibu dakika kumi, ziache nusu saa. Chagua chupa iliyotumia shabu kidogo zaidi na bado maji yake ya juu yameng'aa. Kwangu huwa ni ya tatu: miligramu 150 kwa lita, yaani gramu 75 kwa lita 500.

Shabu ina ubaya wake: aluminiamu inabaki kwenye mwani. Mavuno ya shabu ni ya mboji tu, si ya chakula cha mnyama. Ukitaka kulisha, tumia unga wa mbegu za mlonge zilizomenywa, ujaribu kwa chupa tano vilevile. Mabonge yake ni laini na yanachelewa kutua, lakini hayana aluminiamu. Chokaa nayo inafanya kazi kwa kupandisha pH mpaka karibu 11, ila maji ya ziwa letu yana chumvi chache mno na chokaa inataka magnesiamu ya kushirikiana nayo, kwa hiyo mara nyingine inagoma.

Mabonge yakitua, fyonza maji ya juu kwa mpira, yapeleke bustanini. Uji unaobaki chini, kama lita kumi, mimina kwenye mfuko wa marekani uliouning'iniza juu ya ndoo, uache uchuruzike usiku. Asubuhi utakuta kitu kama ugali mlaini wa kijani, kilo moja hivi. Upake juu ya plastiki kwa unene wa milimita tatu, uanike kwenye kichanja kama dagaa. Nasema kichanja kwa makusudi: chini utapata mchanga na kuku. Jua zuri, jioni umekauka na unavunjika kwa mlio. Ukipinda bila kuvunjika, bado, na ukiufungia hivyo utaota ukungu.

Hesabu bila kupamba

Bwawa likitunzwa vizuri linatoa gramu 10 hivi za mwani mkavu kwa mita ya mraba kwa siku, na miezi ya jua wanaojua kazi wanafika 20. Kwa mita kumi za mraba, hiyo ni gramu 100 kwa siku, kilo tatu kwa mwezi. Nitrojeni ndani yake ni kama asilimia 7, wakati urea ina 46. Yaani kilo tatu zako zinakaribia nusu kilo ya urea. Aliyekuambia utauza unga wa mwani ujenge nyumba, muulize yeye kajenga wapi. Na asikuchanganye na habari za spirulina ya kula: ile inataka maji ya magadi, masafi, na haina uhusiano wowote na maji haya.

Faida yangu mimi ni kwamba maji ya matanki yanatoka safi kiasi cha kurudishwa, mboga hazijui mbolea ya dukani, na kuna njia ya kuvuna isiyohitaji shabu wala kichanja. Sato anakula mwani. Ana uwezo wa kuuchuja majini mwenyewe. Siku hizi zaidi ya nusu ya maji ya kijani nayaelekeza moja kwa moja kwenye bwawa la sato wakubwa, nao wanavuna.

Kwa kiasi, lakini. Mwaka jana, siku ya mawingu ya Novemba, nilimwaga nusu ya bwawa kwa mkupuo. Saa kumi na moja alfajiri niliamshwa na mlio kama wa mvua ndogo. Ilikuwa midomo ya sato, mamia, ikibusu uso wa maji kutafuta pumzi, kwa sababu mwani ulikuwa umevuta oksijeni usiku kucha. Tulichota na kumwaga kwa ndoo mpaka jua likatoka, na bado niliokota kumi na saba. Sasa siongezi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wa bwawa la samaki kwa siku, na natumia mkono kama kipimo: nazamisha kiganja polepole, na kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, siku hiyo siongezi kitu. Mawingu yakitanda tangu asubuhi, siongezi hata kama kiganja kinaonekana.

Masika ikianza, Machi, punguza kina kabla ya mvua kubwa, funika kwa plastiki nyeupe usiku, na upunguze maji unayotoa kila siku hadi lita 250, maana mwani utakua kwa nusu ya mwendo. Zile chupa tatu za dirishani zibadilishie maji kila baada ya wiki mbili.